Kreti Nyekundu Kabla ya Mashine: Kisa cha Kilo 640 za Plastiki Kuukuu, Fuoni

Karakana tunayoichambua hapa ni ya mfano. Uzito na vipimo vyake tumevipanga vifanane na vinavyokutwa kwenye plastiki kuukuu za aina hizi, ili msomaji aione hesabu nzima tangu mzigo unaposhushwa hadi unapofungiwa ghalani. Tumeiweka Fuoni, Wilaya ya Magharibi B, njiani kati ya mjini na vijiji vya kusini.

Mlangoni pameshushwa kilo 640 za plastiki ngumu kutoka kwa wachuuzi wa skrepa. Ndani kuna oda mbili. Ya kwanza ni mabakuli 400 ya kikundi cha akina mama wanaouza achari ya ndimu na ya embe; bakuli moja lina gramu 120, kwa hiyo oda inahitaji kilo 48. Ya pili ni vigingi 600 vya mwani kwa wakulima wa Paje na Jambiani, kila kimoja kirefu sentimita 60 na kinene sentimita 4. Kigingi kama hicho, kwa plastiki ya uzito wa gramu 0.95 kwa sentimita moja ya ujazo, hufika gramu 716. Vigingi vyote ni kilo 430. Oda zote mbili ni kilo 478, na mlangoni ziko 640. Fundi mwenye haraka ataona mzigo umetosha na umebaki, atawasha mashine ya kusagia, na hapo rundo zima litakuwa limeshaharibika.

Sababu ni moja, nayo ndiyo tunayotaka ishikwe: plastiki ikiwa bado ni kreti, ganda la televisheni au ngozi ya waya, unaweza kujua ina nini. Ikishakuwa chenga za milimita 10 zilizochanganyika, huwezi tena kuijua kwa gharama ambayo karakana ndogo itaimudu, na huwezi kuitenganisha kabisa.

Rundo lina nini

Likipangwa kwa aina, rundo linatoa makundi haya. Kreti za soda za zamani kilo 180: nyekundu 70, za manjano 60, za buluu 50. Maganda meusi ya televisheni na kompyuta kilo 150. PVC kilo 90, yaani ngozi za waya 60 na vipande vya mabomba 30. Zilizobaki, kilo 220, ni madumu, ndoo, mabeseni na vifuniko vya majumbani.

Metali nzito zilizomo humu hazikuingia kama uchafu. Ziliwekwa makusudi kiwandani, kila moja kwa kazi yake. Kadimiamu hutengeneza rangi: ikiungana na salfa hutoa manjano, ikiongezwa seleniamu hutoa rangi ya machungwa hadi nyekundu iliyokolea. Viwanda viliipenda kwa kuwa haiungui plastiki inapoyeyushwa na haipauki juani, na ndiyo maana kreti ya miaka 25 iliyokaa nje ya duka bado inang'aa. Risasi iliingia kwa njia mbili. Kwenye plastiki za manjano na nyekundu ilikuja kama kromati ya risasi, rangi inayobeba risasi pamoja na kromiamu ya namba sita, ile inayosababisha saratani. Kwenye PVC ilikuja kama kitulizi cha joto: PVC ikipashwa moto huanza kuvunjika na kutoa asidi ya hidrokloriki, na chumvi za risasi huizuia. Kwa hiyo ngozi ya waya ya zamani inaweza kuwa na risasi ya asilimia moja au mbili ya uzito wake, kiwango kisicho na mfano katika makundi mengine ya rundo hili. Maganda ya televisheni yana habari tofauti. Humo shida kubwa ni bromini ya vizuia moto, ikifuatana na antimoni inayoongezwa kuipa nguvu.

Kinachotufanya tuzungumze kwa uzito huu ni miili inayohusika. Shirika la Afya Duniani linashikilia kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto hunyonya risasi aliyoimeza mara nne au tano zaidi ya mtu mzima. Inayoumia ni akili yake. Kadimiamu hujikusanya kwenye figo na hukaa mwilini miaka 10 hadi 30 kabla ya nusu yake kutoka. Mtu hawezi kulitambua jambo hili kwa ladha ya achari.

Vipimo vya meza ya kuchambulia

Kazi ya kwanza ni maji. Jaza pipa maji baridi, kata kipande cha ukubwa wa kucha, kidumbukize kwa vidole mpaka mapovu yatoke. Tia matone mawili ya sabuni ya maji, kwa sababu povu moja la hewa linatosha kukielesha kipande kilichopaswa kuzama. Madumu, vifuniko na kreti, ambazo ni polithini nzito na polipropilini, vitaelea. Maganda ya televisheni na PVC vitazama.

Pipa la pili ni la chumvi: gramu 170 za chumvi kwa kila lita ya maji, yaani kilo 3.4 kwa lita 20. Maji hayo hufika uzito wa karibu gramu 1.10 kwa sentimita moja ya ujazo. Ganda la televisheni lisilo na kizuia moto huelea humo. Lenye bromini nyingi huzama, na PVC nayo huzama. Baadhi ya plastiki safi, kama polikaboneti, pia huzama. Zikienda na kundi baya hakuna aliyedhurika, utapoteza kilo chache tu.

Kisha waya wa shaba. Uchome hadi mwali wake uwe hauna kijani, uguse nao plastiki ukiwa bado mwekundu, uurudishe motoni. Mwali wa kijani unaonyesha klorini au bromini. Fanya nje, upepo ukiwa mgongoni, kipande kidogo kabisa, mara moja kwa kila aina ya bidhaa. Moshi wake una asidi.

Vipimo hivi vitatu vitakutolea PVC na maganda yenye bromini kwa gharama ya chumvi na waya. Wengi wakifika hapa hudhani wamemaliza. Hawajamaliza, maana kreti nyekundu imeelea vizuri kwenye maji baridi na haikutoa kijani chochote. Elfu mbili kwa milioni za kadimiamu ni asilimia 0.2, haziwezi kuizamisha kreti. Vijiti vya kupimia risasi kwenye rangi ya ukuta navyo havifai, kwa sababu risasi imefungwa ndani ya plastiki na kijiti hugusa juu tu.

Rangi husaidia kushuku, haithibitishi. Kreti ya zamani ya nyekundu, machungwa au manjano, isiyopenyeza mwanga na isiyopauka, ihesabiwe mbaya mpaka ipimwe. Buluu mara nyingi hutokana na rangi zisizo na metali hizi. Kijani isiaminiwe, kwani kuna kijani kilichopatikana kwa kuchanganya buluu na manjano ya risasi.

Kipimo chenyewe ni kile cha eksirei cha mkononi, XRF. Hutoa jibu ndani ya sekunde 30 hadi 60 bila kuharibu kitu. Mtambo huu hutoa mionzi, kwa hiyo mwenye kuutumia lazima awe na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Karakana moja haina haja ya kuununua. Ikusanye mzigo hadi tani moja, ikodi mtaalamu mwenye kibali kwa siku. Kwenye kisa chetu kreti moja ina kilo 2, kwa hiyo kreti zote ni 90. Kwa sekunde 60 kila moja, ni saa moja na nusu ya kazi. Hakuna sababu ya kupima sampuli tatu na kubahatisha 87.

Msimamieni mpimaji mambo manne. Mtambo uwekwe kwenye hali ya plastiki, na ukifika kwenye PVC uwekwe kwenye hali ya PVC, kwa sababu klorini hubadilisha usomaji. Kipande kiwe na unene wa milimita 5 au zaidi. Ukuta wa dumu ni mwembamba, basi ukunjwe au vipande vipangwe tabaka kwa tabaka, la sivyo kadimiamu itasomwa pungufu. Mstari mkuu wa eksirei wa risasi unalingana na wa aseniki, hivyo mtambo ukitaja aseniki nyingi kwenye plastiki, angalia mstari wa pili wa risasi kabla ya kuamini. La mwisho ni kromiamu: XRF inasoma kromiamu yote kwa pamoja bila kujua ni ya namba ngapi. Hapo uwiano husaidia. Katika kromati ya risasi, uzito wa risasi ni mara nne ya ule wa kromiamu. Ukisoma miligramu 3,200 za risasi na 750 za kromiamu kwa kilo kwenye kreti ya manjano, umeshaijua rangi hiyo, na kromiamu yake uihesabu yote kuwa ya namba sita.

Vipimo vya mfano wetu, kwa miligramu kwa kilo, ni hivi: kreti nyekundu, kadimiamu 1,900. Kreti za manjano, risasi 3,200 na kromiamu 750. Kreti za buluu, hakuna kilichoonekana. Ngozi za waya, risasi 18,000, mabomba, 6,000. Maganda meusi, bromini asilimia 6 na antimoni asilimia 2.5. Kwenye zile kilo 220 za majumbani zilitoka kilo 12 za mabeseni na midoli ya machungwa yenye risasi. 208 zilizobaki hazikuonyesha kitu.

Hesabu ya kuchanganya

Tuseme fundi ameacha PVC na maganda, lakini amesaga kreti zote 180 pamoja na kilo 220 za majumbani. Ana kilo 400. Kadimiamu ni 70 mara 1,900, sawa na miligramu 133,000. Risasi ya kreti peke yake ni 60 mara 3,200, sawa na 192,000. Kromiamu ni 60 mara 750, sawa na 45,000. Jumla ni 370,000, ambayo ukiigawa kwa kilo 400 unapata 925 kwa kila kilo.

Kipimo ambacho nchi nyingi zimekifuata kwa vifungashio ni 100: risasi, kadimiamu, zebaki na kromiamu ya namba sita zikijumlishwa zisizidi miligramu 100 kwa kilo. Kilianza kwenye sheria za majimbo ya Marekani zilizofuata mfano ulioandikwa 1989, kikaingia Ulaya kwa Agizo la 94/62 la mwaka 1994, lililoshusha kiwango kwa ngazi, 600 kisha 250 hadi 100 mwaka 2001. Rundo letu limezidi mara tisa.

Kuna atakayesema: tuongeze plastiki safi mpaka ishuke. Inawezekana kihesabu. Miligramu 370,000 zikigawanywa kwa 100 zinahitaji kilo 3,700, kwa hiyo ataongeza kilo 3,300 safi. Metali itakuwa ileile hadi miligramu ya mwisho, ila sasa imo kwenye tani tatu na ushee za bidhaa zilizotawanyika nyumba kwa nyumba, na zitakaporudi kama skrepa baada ya miaka mitano hakuna kreti nyekundu ya kukushtua. Sisi tunaihesabu njia hii kuwa kuficha. Ndivyo ilivyo pia kwa mafundi wanaotia rangi nyeusi ya kaboni ili mchanganyiko usionekane: bidhaa inapendeza, na jicho la anayefuata linapofushwa.

Nambari 100 haiwatoshi wauza achari

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, maana kosa hili hufanywa hata na watu waliosoma. Nambari 100 inahusu kilichomo ndani ya plastiki. Anayekula achari hali plastiki. Swali lake ni kiasi gani kimetoka kwenye chombo kikaingia kwenye chakula, na hilo lina kipimo chake mbali.

Kanuni ya Ulaya ya plastiki zinazogusa chakula, namba 10/2011 kama ilivyorekebishwa mwaka 2020, inataka risasi isionekane kwenye chakula kwa kipimo kinachofika miligramu 0.01 kwa kilo, na kadimiamu kwa 0.002. Chukua bakuli la gramu 120 lenye nusu kilo ya achari. Risasi inayoruhusiwa kutoka ni mikrogramu 5, kadimiamu mikrogramu 1.

Sasa tuseme fundi amechambua vizuri, akatenga kilo 48 kwa mabakuli, ila kreti moja nyekundu imempita. Kreti hiyo ya kilo 2 ina miligramu 3,800 za kadimiamu. Kwa kilo 48 ni 79 kwa kilo, chini ya 100. Kwa nambari ya vifungashio amefaulu. Lakini kila bakuli limebeba miligramu 9.5 za kadimiamu, sawa na mikrogramu 9,500, na inatosha sehemu moja kati ya hizo 9,500 itoke ili achari ifike mpaka. Kilo moja ya ngozi ya waya ikiponyoka ni mbaya zaidi: risasi 375 kwa kilo, miligramu 45 kwenye kila bakuli, na mpaka wake ni mikrogramu 5.

Na achari ni mtihani mgumu. Maabara hupima vyombo vya vyakula vichachu kwa siki, yaani asidi ya asetiki ya asilimia 3, kwa siku 10 kwenye nyuzi 40. Achari ya ndimu ina asidi na chumvi, huanikwa juani na chombo chake, kisha hukaa kabatini miezi. Ukwaju na siki ni vivyo hivyo. Asidi huvuta metali kutoka kwenye uso wa plastiki, na uso uliochunwa na kijiko cha chuma hutoa zaidi.

Kwa hiyo uamuzi wetu kwa oda ya kwanza ni kukataa, hata kwa zile kilo 208 zilizopimwa zikawa safi. Metali si mgeni pekee. Dumu lililopita shambani liliweza kubeba dawa ya kunyunyizia, jingine oili chafu ya gari, na plastiki hunywa. Ulaya yenyewe, kwa Kanuni ya 2022/1616, inataka plastiki iliyorejelezwa kwa ajili ya chakula ipitie teknolojia iliyoidhinishwa, na njia ya kawaida kwenye chupa za PET huanza na taka ambazo karibu zote zilikuwa vyombo vya chakula tangu mwanzo. Karakana ya Fuoni haina hayo. Warudishiwe akina mama malipo yao ya awali, waelezwe sababu kwa ukamilifu, na waelekezwe kwenye chupa za kioo au ndoo mpya za daraja la chakula. Kikundi kinachoheshimiwa kwa achari yake kinastahili kuambiwa ukweli kabla ya kuharibikiwa jina.

Vigingi vya mwani

Oda ya pili inawezekana kwa nusu. Kwanza fikra ya kutumia kreti nyekundu kwa vigingi, "kwa kuwa haviliwi", iondoke. Kigingi hukaa kwenye mchanga unaosuguliwa na maji kupwa na kujaa, na jua la mchana wa bamvua linakipasua juu. Kinachomomonyoka ni chembe zenye rangi ileile ya kadimiamu. Mwani hunyonya metali kutoka majini kwa urahisi kuliko mimea mingi, na mwani wa Zanzibar hukaushwa na kusafirishwa kwenda kutengeneza karaginani, unga mzito unaotiwa kwenye vyakula na vipodozi. Njia ya kurudi mdomoni ni ndefu, lakini ipo.

Zinazofaa ni kilo 208 za majumbani na 50 za kreti za buluu, jumla 258. Toa karibu asilimia 5 ya kuosha na mabaki ya kalibu, unabaki na 245, sawa na vigingi 340 hivi. Mteja aambiwe 340 sasa, na 260 vilivyobaki mzigo mwingine ukipimwa. Joto la kuyeyushia libaki kati ya nyuzi 180 na 220. Harufu kali ya asidi ikitokea kwenye mdomo wa mashine, kuna PVC iliyoponyoka: simamisha, toa plastiki yote iliyomo, irudishe meza ya kuchambulia. Jambo la pembeni lakini la manufaa kwa mkulima: kigingi cha plastiki hii ni chepesi kuliko maji, kikichomoka kitaelea na kwenda zake, kwa hiyo kitobolewe sentimita 5 kutoka juu na kifungwe kwenye kamba ya mstari.

Wakati wa kusaga, saga kwa kunyunyizia maji, vaa barakoa ya FFP2 au zaidi, usifagie sakafu kavu. Nguo za kazi zibaki karakana, zisifuliwe pamoja na za watoto. Mjamzito asikae karibu na mashine wala meza ya kuchambulia. Maji ya kuoshea yapite matangi matatu ya kutulia kabla ya kutumika tena, na tope lake liende na kundi baya. Yasimwagwe kwenye shimo. Chini ya Unguja ni jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango, na maji tunayokunywa sehemu kubwa hutoka humo. Chokaa huishika sehemu ya risasi iliyoyeyuka, ni kweli, lakini chembe laini hupita kwenye ufa pamoja na maji ya mvua bila kusubiri kushikwa.

Zile kilo 382

Zilizobaki nje ni kreti nyekundu 70 na za manjano 60, maganda 150, PVC 90, na mabeseni na midoli 12. Jumla 382, zaidi ya nusu ya mzigo, na fedha ya mchuuzi imeshalipwa. Hapa ndipo watu hukata tamaa na kuwasha kiberiti, hasa kwenye waya, kwa ajili ya shaba. Moto hauiondoi risasi: sehemu hubaki kwenye majivu, na sehemu huungana na klorini ya PVC na kupanda na moshi kama kloridi ya risasi, ikaangukia yadi na paa ambalo maji yake ya mvua yanakingwa. Shaba ichunwe kwa kisu au mashine ya kuchuna.

Kreti ziulizwe kwanza kwa mwenye jina lililochapwa juu yake. Sheria za Ulaya zilizipa kreti msamaha wa nambari 100 tangu uamuzi wa 1999, kwa sharti kwamba kreti kuukuu itengeneze kreti mpya ndani ya mzunguko unaosimamiwa na kurudi kwa mwenyewe. Mantiki yake ni nzuri: metali inabaki mahali panapojulikana. Kreti iliyofika kwa mchuuzi wa skrepa imetoka kwenye mzunguko huo, na kazi ni kuirudisha. Kwa PVC nako Ulaya ilifika njia panda ileile. Kanuni ya 2023/923 imeweka mpaka wa risasi wa asilimia 0.1, ikaanza kutumika 29 Novemba 2024, lakini ikaruhusu PVC ngumu iliyorejelezwa iwe na hadi asilimia 1.5 kwa bidhaa maalumu mpaka 28 Mei 2033. Mabomba yetu yenye asilimia 0.6 yangeingia humo, ngozi za waya zenye 1.8 zisingeingia: zimezidi, tena si PVC ngumu. Karakana isiyoweza kutimiza masharti ya bidhaa hizo isiuchukulie msamaha huo kama ruhusa yake.

Kuhusu mamlaka, jambo linalowachanganya wengi ni Muungano. Mazingira si jambo la Muungano. Sheria ya Mazingira ya 2004 na baraza lake la NEMC ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 3 ya 2015, na mlango wa kubisha ni ZEMA, Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar. Viwango vya bidhaa viko Taasisi ya Viwango Zanzibar, usalama wa chakula uko Wakala wa Chakula na Dawa, na uchunguzi wa kemikali una Wakala wa Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Sheha wa shehia ajulishwe kabla ya gunia la kwanza kuwekwa ghalani, asije kuambiwa na jirani.

Mikataba ya nje, kwa upande mwingine, huingiwa na Jamhuri ya Muungano, kwa hiyo inaifunga Zanzibar pia. Mkataba wa Basel, unaodhibiti usafirishaji wa taka za hatari kati ya nchi, ulirekebishwa mwaka 2019, na tangu 1 Januari 2021 plastiki taka zenye sumu zinaandikwa A3210 na zilizochanganyika Y48. Zote haziondoki nchini bila nchi inayopokea na zinazopitiwa kukubali kwa maandishi kabla. Tangu 1 Januari 2025 taka za elektroniki nazo zote zimeingia kwenye utaratibu huo, za hatari na zisizo za hatari, kwa hiyo maganda yetu 150 yanahusika. Mkataba wa Bamako unakataza Afrika kuingiziwa taka za hatari kutoka nje. Mzigo unaokwenda Dar es Salaam hauvuki mpaka wa nchi, lakini ukishuka bandarini kule umeingia kwenye kanuni nyingine, hivyo kibali kitafutwe pande zote mbili kabla ya kupakia.

Wakati majibu yanasubiriwa, kilo 382 zikae chini ya bati, juu ya saruji isiyo na ufa, nzima bila kusagwa, kila kundi kwenye magunia yake yaliyofungwa. Kwenye kila gunia: aina, uzito, metali iliyosomwa na kiwango chake, tarehe, na maneno "Isisagwe, isichomwe".

Ukitakiwa uthibitisho wa maabara, zipelekwe bidhaa nzima au kipande kimoja cha kreti, zisipelekwe chenga. Maabara huyeyusha gramu 0.2 hadi 0.5 kwenye asidi, na chenga moja ya milimita 10 kwa 10 yenye unene wa 3 ina karibu gramu 0.28. Sampuli nzima ni chenga moja au mbili. Jibu lake ni bahati ya mkono ulioingia kwenye gunia. Kama chenga ndizo pekee zilizopo, ziyeyushwe gramu 200 zikikorogwa vizuri, zikandamizwe ziwe vidonge 10 vya unene wa milimita 5, visomwe vyote kwa XRF, na kile kilichosoma juu kuliko vyote ndicho kiende maabara.

Kwa vigingi vilivyotengenezwa, cha kwanza, cha katikati na cha mwisho cha kila siku vikatwe kipande cha sentimita 5 upande wa chini. Vipande viwekwe kwenye mfuko wenye tarehe na namba ya fungu, vikingoja siku mpimaji atakaporudi na mtambo wake, na vigingi vya siku hiyo visipelekwe Paje mpaka vipande vyake vimesomwa.